Kibali cha Kugawanyika

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Uratibu wa Vitu Hai Visivyoonekana inawatangazia wakazi wote wa Butembo, wa mlimani na wa bondeni, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna seli yoyote itakayogawanyika ndani ya mipaka ya mji huu bila kibali chenye muhuri. Seli inayotaka kugawanyika itaomba kwa maandishi, nakala tatu. Ombi litajibiwa ndani ya siku kumi na tano za kazi. Katika kipindi hicho seli itasubiri.

Aliyeandika tangazo hilo ni mimi, Mathe Kataliko, Mratibu. Watu wasiojua kazi ya utawala walicheka, hasa waendesha pikipiki wanaoegesha chini ya ofisi yetu. Mmoja aliuliza kwa sauti kama kuku wake naye apeleke barua kabla ya kutaga. Nilimjibu kutoka juu, bila hasira, kwamba kuku anaonekana, kwa hiyo hayuko chini ya mamlaka yangu. Aende kwa wenzetu wa mifugo.

Vitu vinavyoonekana vina wenyewe. Barabara zina ofisi yake, misitu ina ofisi yake, hata mbuzi wanaozurura sokoni wana ofisi yao. Visivyoonekana vilikuwa vimeachwa vijiendee tu. Serikali ilipoliona pengo hilo ilituunda sisi: watumishi kumi na mmoja, mihuri mitatu, na ghorofa moja ambayo mtu huifikia kwa ngazi thelathini na mbili. Naijua idadi yake kwa sababu nazipanda kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mtumishi mwingine kufika. Nazipanda polepole, kwa kushauriana na ukuta. Sina ugonjwa wowote. Goti langu la kulia lina msimamo wake wa asubuhi, kama mtumishi yeyote wa muda mrefu.

Katika mji mzima tulikuta maabara moja tu yenye seli za kuratibiwa. Ni ya Daktari Nadège, binti wa hapa hapa, ambaye alisoma mbali kisha akarudi, jambo ambalo peke yake lilistahili uchunguzi. Nilikwenda kukagua nikiwa na Jacob, mtumishi wetu wa lakiri, yaani yule anayebandika karatasi zenye muhuri kwenye milango iliyofungwa na serikali. Jacob hajachelewa kazini miaka tisa. Anazijua nyaraka zangu kwa moyo kama wengine wanavyojua sala.

Daktari alitufungulia sanduku la joto. Ndani kulikuwa na chupa bapa ishirini na tatu zenye maji mekundu, na kila moja ilikuwa na jina la mama fulani wa Mulekera au wa barabara ya Kamango, kule Beni.

"Chef, ile seli inakaa sawa na ngozi, ndani ya goti," alisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kilichochanganyika na Kifaransa. "Kazi yake ni kutengeneza ile maji inalainisha goti. Mais kwa bale bamama, seli imechangamuka. Inaongezeka, inaita zingine zikuye, kisha zinakula ule mufupa laini. Goti inavimba, miaka na miaka. Hatujue juu ya nini hazikubali kutulia. Donc ni ile njo tunatafuta."

"Mwezi wa kwanza ulijaza fomu," nikasema. "Uliandika seli laki mbili."

"Ndiyo, Chef."

"Na leo?"

"Leo ni kama milioni ine."

"Nani alizipa ruhusa?"

"Hakuna mutu, Chef. Zinagawanyika zenyewe."

Nilimwambia Jacob aandike. Kisha nikaeleza, kwa upole, kwamba seli ikigawanyika, kuna aliyezaliwa. Na aliyezaliwa hutangazwa serikalini ndani ya siku tisini, la sivyo ni kesi.

"Jina la mama?" nikauliza.

"Mama hayupo tena. Amegeuka batoto babili."

"Amefariki?"

"Hapana, hakufa."

"Yuko wapi basi?"

"Njo bale babili, Chef."

Jacob aliinua kalamu. "Chef, niandike yatima?"

"Andika: mama yuko safarini."

Tukaendelea. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea, na kwa njia hiyo nchi inajua nani aliyetangulia na nani wa kutumwa maji. Nikauliza kati ya hao wawili Paluku ni yupi.

"Zilitoka mara moja," Daktari akajibu. "Hakuna mukubwa."

Jibu hilo lilinisumbua kuliko yote. Milioni nne, na hakuna mkubwa! Watu wakikaa hivyo tunaita maasi. Nikasoma kwa sauti kifungu cha tano cha waraka wangu: mahali popote, liwe jengo au lisiwe jengo, ambapo seli zimezidi idadi iliyotangazwa, patapigwa lakiri papo hapo, bila kujali cheo cha mwenye mahali. Maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe siku moja kabla ya kutia sahihi, na niliyapenda sana.

Jacob akatoa gundi.

"Chef, pardon," Daktari alisema akasimama mbele ya mlango. "Zinakula kila siku ya tatu. Ile maji nyekundu ikigeuka manjano, njaa imeingia. Alhamisi, saa sita ya muchana, kama hakuna mutu amezilisha, zinakufa zote. Ni miaka mitatu ya kazi. Bale bamama balivumilia sindano kubwa. Nitarudi kubatoboa tena, nibaambie nini?"

Macho yake yalijaa machozi. Niliyaona, nikaagiza yaandikwe kwenye ripoti chini ya kichwa "Mengineyo".

Mimi si mtu mbaya. Nilimfungulia njia. Lakiri ingeondolewa mara tu wenye magoti wote ishirini na tatu watakapofika wenyewe, kwa miguu yao, ofisini kwangu ghorofani, kila mmoja atangaze waliozaliwa kwake. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita hamsini na kitu, barabara ikikubali. Niliona muda unatosha kabisa.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, lori aina ya Fuso lilisimama chini ya roshani yetu likipiga honi. Lilikuwa la Ibrahim, msafirishaji wa Beni, nalo lilikuwa limejaa magunia ya kakao. Juu ya magunia walikaa akina mama ishirini na tatu wamefunikwa vitenge kwa ajili ya baridi yetu ya Butembo, kila mmoja amenyoosha mguu mmoja au yote miwili. Daktari Nadège alikuwa anawasubiri barabarani, anatazama saa kila baada ya dakika.

Mkubwa wao, au aliyejifanya mkubwa wao, alikuwa Mama Florentine, mkulima wa Mulekera, aliyebeba mihogo mgongoni tangu akiwa msichana.

"Chef!" aliita. "Tulisha fika! Shuka utuandike!"

"Karibuni sana," nikajibu kutoka roshani. "Matangazo yanapokelewa ghorofani. Ngazi ziko upande wa kushoto."

"Ngazi ngapi?"

"Thelathini na mbili."

Wakaguna wote kwa pamoja.

"Eh Nyamuhanga, Mungu wetu! Chef, kama magoti yetu ingekuwa inapanda ngazi, huyu docteur angetafuta nini ndani yake? Shuka weye!"

"Mama, utawala haushuki."

Hapo nilikuwa nimesema kweli tupu, hasa kwa saa hiyo. Kabla ya saa nne msimamo wa goti langu huwa haujalegea. Kushuka ngazi mbele ya umma kungehitaji mikono miwili, ukuta na baadhi ya sauti.

Tukatazamana. Wao chini, mimi juu. Waendesha pikipiki walizima injini ili wasikie vizuri. Daktari alisema saa kwa sauti: saa tatu na dakika hamsini. Mtu mwingine angefikiri hapo mambo yamekwama, lakini mtu huyo hamjui Mama Nasiba. Huyu ni mmoja wa wale wa juu ya magunia, mke wa Ibrahim, muuza vitenge, na amewahi kuuza kitenge kwa mtu aliyekuja kumuuzia kitenge.

"Ibrahim," alisema bila kuinua sauti, "rudisha mutukari nyuma."

Ibrahim akarudisha nyuma. Lori lilinguruma, likasogea, likasogea tena, mpaka mkia wake ukagusa ukuta wetu na chokaa ikamwagika. Magunia yalikuwa yamepangwa juu sana, kama wasafirishaji wa Beni wanavyopakia. Nilipofungua macho, akina mama ishirini na tatu walikuwa wamekaa sawasawa na roshani yangu, uso kwa uso nami.

"Bonjour, Chef," alisema Mama Nasiba. "Tuko ku étage."

Nilitafuta kifungu cha kukataa, sikukipata. Waraka ulisema ghorofani, haukusema kwa njia gani. Nikamwita Jacob alete meza na fomu. Kisha nikalazimika kutoka mlangoni hadi mezani, hatua nne.

Nilizitembea hatua hizo kwa heshima zote za ofisi. Mama Nasiba alinitazama tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Florentine, angalia. Huyu papa anatembea na ukuta."

"Naona. Goti ya kuume."

"Papa, ile goti inavimba tangu lini?"

"Mama, tuko katika kazi ya serikali. Jina lako na idadi ya waliozaliwa."

"Asubuhi inakauka sawa ubao, hein? Unaamuka, goti inakatala kuamuka?"

Nikatazama fomu.

"Inakauka mpaka saa ngapi? Saa mbili? Saa tatu?"

"Mpaka saa ine," sauti ikasema. "Na kama mvua imenyesha, mpaka saa sita."

Sauti ilikuwa yangu. Katika miaka mitatu ya goti hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa kuwa nilihakikisha hakuna wa kuuliza. Nyumbani nilisema ni uchovu wa majukumu. Niliona aibu kubwa, kisha nikaona nafuu, na nafuu hiyo sikujua niiweke chini ya kichwa gani.

"Eeeh! Pole, papa! Pole!" walisema wote ishirini na tatu, na mmoja akanipitishia gunia dogo niweke mguu.

Daktari Nadège alikuwa amepanda ngazi mbilimbili, mbio, jambo nililoliona na kulionea wivu. Alipiga magoti mbele yangu, akabonyeza pembeni mwa goti kwa vidole viwili. Nilitoa mojawapo ya zile sauti.

"Kuna maji," alisema. "Na ile ngozi ya ndani imekuwa munene. Chef, humu ndani seli inagawanyika sana."

"Kiasi gani?" aliuliza Jacob.

"Nani atajua bila kuhesabu? Mamilioni."

Jacob akanigeukia, kwa adabu ile ile ya miaka tisa.

"Chef, zilitangazwa?"

Mtu mwenye hila angedanganya. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha Jacob kwamba kudanganya kwenye ukaguzi ni kosa la pili.

"Hazikutangazwa, Jacob."

"Basi pardon, Chef. Mahali popote, likuwe jengo ao lisikuwe jengo."

"Jacob."

"Bila kujali cheo, Chef."

Alinikunjia suruali mikunjo miwili mizuri. Alipaka gundi. Alibandika karatasi kutoka paja hadi muundi, akapiga muhuri juu kabisa ya goti, mara moja tu, pa! Akina mama wakapiga makofi, na kule chini pikipiki zikapiga honi. Lazima niseme kwa haki kwamba lakiri ilikuwa imenyooka. Daima Jacob hubandika vizuri.

Mahali palipopigwa lakiri hapafunguliwi, hapakunjwi wala hapatumiwi mpaka mtaalamu mwenye vyombo ahesabu seli zake. Kwa hiyo Mratibu wa Vitu Hai Visivyoonekana alikuwa hawezi kusimama, hawezi kutembea wala kukunja mguu kisheria. Nikauliza mtaalamu mwenye vyombo ni nani.

"Ni miye," alisema Daktari. "Mais vyombo viko ndani ya laboratoire, na laboratoire umeifunga." Akatazama saa. "Saa tano na dakika kumi, Chef."

Nilitafakari kwa kina mustakabali wa sayansi katika mkoa wetu. Wakati natafakari, goti lilinichoma tena, na tafakari ikafika mwisho. Nikatia sahihi ya kuifungua maabara juu ya mgongo wa Jacob, nakala tatu.

Kwa kuwa goti lililofungwa haliruhusiwi kukunjwa, ngazi zilikuwa nje ya swali. Walinipitisha juu ya ukuta wa roshani, Jacob akinisukuma na Mama Florentine akinivuta kwa mkanda, nikalazwa juu ya kakao. Fuso likapita katikati ya mji huku mguu wangu umenyooshwa mbele kwa umma, muhuri unaonekana vizuri. Pikipiki zote zilitusindikiza.

"Mokonzi! Mukubwa wetu!" alipaza sauti mwendeshaji mmoja. "Hiyo goti iko na kibali?"

"Iko inaenda kukitafuta!" akamjibu Mama Nasiba kwa niaba yangu.

Zilibaki dakika ishirini wakati Jacob alipochana lakiri ya mlango. Daktari aliingia kwanza. Maji ya chupa zote ishirini na tatu yalikuwa yamegeuka manjano. Alimwaga, akaongeza mapya, chupa moja baada ya nyingine. Kisha akaweka moja chini ya hadubini na kuinama juu yake. Hata Jacob aliacha kuandika.

"Ziko hai," alisema. "Bamama, ziko hai!"

Kisha akakaa chini sakafuni akalia waziwazi, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka madirisha yakatetemeka. Mimi nilijipangusa macho. Lilikuwa vumbi la kakao, nadhani.

Baadaye aliniondolea lakiri, akaleta sindano ya kuzitoa seli za goti langu. Akina mama waliniambia nitazame ukutani na nihesabu mbuzi. Nilifika mbuzi wa tisa. Alipomaliza alifungua daftari lake.

"Goti gani?"

"La Mratibu."

Akaandika: "kuume". Nikatafuta safu ya vyeo katika daftari lile, haikuwepo. Nikawa chupa ya ishirini na nne.

Waraka wangu ulisimamishwa juma lililofuata kwa sababu za kiufundi. Sababu yenyewe ni kwamba Jacob alikuwa ameanza kukagua viungo vya watumishi wenzake, na ofisi ilikuwa inaelekea kufungwa mtu kwa mtu.

Wiki tatu zilipita. Daktari aliniita nizione za kwangu. Nilivaa koti rasmi. Kwenye benchi la maabara walikuwepo Mama Florentine, Mama Nasiba na wengine saba waliokuja na Fuso kuzisalimia za kwao. Niliwapa mkono mmoja mmoja, kisha nikaketi mbele ya hadubini.

Zilikuwa nyingi, nyembamba kama ndagala, yaani dagaa, zimelala pamoja. Moja ilikuwa imejikunja duara na kung'aa.

"Hiyo iko karibu," Daktari alininong'oneza. "Usitoshe jicho ku kioo."

Nikangoja. Ile duara ilianza kubana katikati, kama mtu anayefunga kitenge kiunoni. Hapo damu ya kazi ilinipanda. Kidogo kidogo nikainamisha mdomo karibu na kioo, ili wale wa benchi wasisikie.

"Kwa mamlaka niliyopewa," nikaiambia, "simama."

Walisikia. Seli ilibana zaidi, ikawa kama namba nane, ikakatika. Zikawa mbili. Moja ilielekea huku, nyingine ikaelekea kule, wala hazikunitazama.

"Imezaa?" aliuliza Mama Florentine.

"Imezaa," nikakiri.

"Babili?"

"Wawili. Kwa pamoja."

Mama Nasiba alisimama kwa kushikilia bega la mwenzake. "Mapasa!" akapiga ukelele. "Chef amezala mapasa! Na goti!"

Msomaji wa mbali huenda hajui jambo hili. Kwetu mtu akipata mapacha, cheo chake chote huwekwa kando. Awe tajiri, awe jemadari, siku hiyo ni papa mapasa, na kila anayepita ana haki ya kumwimbia atakacho, naye hana ruhusa ya kukasirika. Isitoshe, lazima acheze. Nilijaribu kueleza kwamba ukubwa wa watoto katika suala hili ulikuwa mdogo mno. Nikaonyesha goti.

"Goti ni ya nini?" alisema Mama Florentine. "Sisi bote tuko na magoti mabovu. Tunacheza tukikaa. Sogea hapa."

Nikasogea. Nikakaa katikati ya benchi lao, nimebanwa kushoto na kulia. Daktari Nadège alipiga chupa tupu kwa kijiko. Jacob, ambaye nilimtazama aniokoe, aliitikia kiitikio kwa sauti nzuri ya kanisani ambayo sikuwahi kujua anayo.

Maneno ya wimbo wenyewe hayawezi kuandikwa katika waraka wa serikali. Yalianza na suruali yangu, yakapanda hadi ofisini, yakafungua droo moja moja, yakasema kila kitu ambacho mji mzima ulikuwa unakijua kuhusu mimi na ambacho nilidhani hakionekani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikacheza mabega ubeti kwa ubeti, na wimbo ulikuwa mrefu.